Chunusi Zinazoletwa na Dawa: Historia ya Kishimo cha Unywele



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita hapa Bujumbura nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 15, msomaji mzuri mwenye sauti, ambaye mara zote alikaa safu ya mbele. Mwezi mmoja nikaona amehamia nyuma karibu na mlango, na kanzu yake ameifunga vifungo mpaka shingoni hata siku za joto kali. Usoni na shingoni alikuwa ametokwa na vipele vingi vidogo vigumu, vyote vya ukubwa mmoja kama vile vimepimwa. Wenzake wakampa jina, wakamwita Nanasi. Nami mwalimu wake, badala ya kumwita pembeni nikamuuliza, nikajijibu mwenyewe. Niliamua kuwa anajipaka mkorogo wa dada zake. Siku hiyo hiyo nikatoa mawaidha marefu juu ya kujichubua ngozi, na macho yangu yakawa kwake. Kesho yake hakuja chuoni, na kesho kutwa pia hakuja.

Sikuwa sahihi. Alichokuwa nacho nitakieleza mbele in shaa Allah, lakini kosa lile ndilo lililonifanya nianze kuuliza wauguzi na kusoma habari za vipele vinavyoletwa na dawa. Nikakuta ni historia ndefu, na ndani yake wamo watu wengi waliohukumiwa kwa nyuso zao kama nilivyomhukumu kijana yule.

Tuanze na kishimo chenyewe. Kila unywele wa mwili, hata ule mwembamba ambao wazee wetu wanauita laika (na wingi wake, msishangae, ni malaika), umeota ndani ya kishimo kirefu chembamba kilichozama katika ngozi. Ubavuni mwa kishimo kuna tezi ndogo inayotoa mafuta, na mafuta hayo hupanda na kutokea pale pale unywele unapotokea. Kuta za ndani za kishimo hujimenya kidogo kidogo kila siku, na zile taka hutoka pamoja na mafuta. Mdomo wa kishimo ukiziba, au kuta zake zikidhoofika, au vijidudu vilivyomo ndani vikizidi, mwili hupeleka askari wake pale, na ndipo tunapoona uvimbe mdogo wenye usaha kichwani na unywele katikati. Viganja vya mikono na nyayo za miguu havina vishimo hivi, na kwa hiyo vipele vya namna hii havitoki huko. Tafadhali likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Chunusi za kawaida za ujana huja taratibu na huja zimechanganyika: vidoa vyeusi, vyeupe, vikubwa, vidogo, kimoja kinapona na kingine kinaanza. Zile zinazoletwa na dawa zina tabia nyingine. Hutokea kwa ghafla, siku au wiki chache baada ya kuanza dawa, zote zikiwa za umbo moja na hatua moja, mara nyingi bila vile vidoa vyeusi. Huenea kifuani, mgongoni na mabegani, na zinaweza kumtoka mtu wa miaka 50 aliyekwisha kusahau habari za chunusi.

Kujua kwamba dawa ndiyo iliyoleta jambo fulani si kazi rahisi, na wanazuoni wetu wa tiba waliliona hilo zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu cha pili cha al-Qanun fi at-Tibb masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kusema kuwa ina athari fulani. Alitaka wakati utazamwe: athari ilianza lini baada ya dawa kutumiwa? Alitaka pia ionekane kuwa athari inajirudia kwa watu wengi au mara nyingi, kwani jambo lililotokea mara moja huenda limetokea kwa bahati tu. Na alitaka majaribio yafanyike kwa mwili wa mwanadamu, maana kinachomtokea simba au farasi hakithibitishi kitakachomtokea mtu. Maswali hayo, hasa lile la wakati, ndiyo yale yale ambayo daktari wa ngozi anamuuliza mgonjwa leo.

Sasa twende Ulaya ya karne ya 19, kwani huko ndiko somo hili lilikofundishwa kwa gharama kubwa.

Mwaka 1826 kijana wa Kifaransa, Antoine Balard wa Montpellier, alipata kutoka katika maji ya chumvi kitu kipya chenye rangi nyekundu na harufu mbaya. Kikaitwa bromini, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya uvundo. Chumvi zake, yaani bromaidi, zikaanza kujaribiwa kwa maradhi mbalimbali. Mwezi Mei 1857, katika mkutano wa madaktari mjini London, Charles Locock, daktari aliyemzalisha Malkia Victoria, alisimama akasema kuwa amewapa bromaidi ya potasiamu wanawake wenye kifafa na kwamba karibu wote wametulia. Nadharia yake ilikuwa mbovu. Yeye na wenzake waliamini kuwa aina nyingi za kifafa zinatokana na matamanio ya mwili, na bromaidi ilisifiwa kwamba inayapoza. Lakini dawa ikafanya kazi kwa sababu nyingine wasiyoifikiria, nayo ni kwamba inatuliza mishipa ya fahamu ya ubongo. Ndivyo ilivyopatikana dawa ya kwanza ya kifafa yenye kufaa kweli.

Ndugu msomaji, tusiipite haraka habari hiyo. Kabla ya hapo mwenye kifafa hakuwa na kitu. Alichomwa, alifungwa, alikimbiwa, na katika mitaa yetu hadi leo wapo wanaomkimbia. Bromaidi ilipokuja watu waliipokea kama mvua baada ya kiangazi. Hospitali ya maradhi ya mishipa ya fahamu ya Queen Square mjini London, kufikia katikati ya miaka ya 1870, ilikuwa ikitumia zaidi ya tani 2 na nusu za bromaidi kwa mwaka mmoja.

Ndipo nyuso zikaanza kusema. Wagonjwa waliotulia degedege zao walitokwa na chunusi usoni, kifuani na mgongoni, kila moja imekaa juu ya kishimo cha unywele. Kwa wengine vipele viliungana vikawa vinundu vikubwa vyenye kutoa majimaji, hata miguuni. Ikawa mtu aliyeponyoka aibu ya kuanguka sokoni amepata alama nyingine ambayo hawezi kuificha kwa vazi lolote. Madaktari waliijua sababu. Waliandika wazi kuwa ni bromaidi. Lakini wangefanya nini? Wakiiondoa, degedege linarudi, na degedege linaua. Wengine, akiwemo William Gowers aliyekuwa bingwa wa kifafa zama zile, walichanganya bromaidi na matone ya aseniki ili kupunguza chunusi. Aseniki, wazazi wenzangu! Sumu ambayo yenyewe ikitumiwa kwa muda mrefu hubadili rangi ya ngozi na kuleta saratani. Sisemi hivi kuwadharau, walitumia kilichokuwa mikononi mwao.

Jambo walilochelewa kulielewa ni kwa nini dawa ile ile iliyomfaa mtu mwezi wa kwanza ilimuumbua mwezi wa tatu. Bromaidi inafanana sana na kloraidi, ile iliyomo katika chumvi ya chakula, na figo hazitofautishi vizuri kati ya hizi mbili. Kwa hiyo mwili huishikilia bromaidi kama unavyoshikilia chumvi. Huchukua siku kama 12 kutoa nusu yake tu. Mtu akinywa kila siku, ya leo inaikuta ya jana na ya juzi bado imekaa, na kiasi kinapanda wiki baada ya wiki ingawa kijiko hakijabadilika. Asiyekula chumvi hali yake inakuwa kali zaidi. Mwaka 1899 Wafaransa wawili, Richet na Toulouse, waliwanyima wagonjwa chumvi kwa makusudi ili bromaidi iwe na nguvu. Nguvu ikaongezeka kweli, pamoja na madhara yake.

Ilipojaa, haikuishia kwenye ngozi. Mtu alianza kuyumba, kusahau, kusinzia mchana, kisha kuona visivyokuwepo na kuwashuku jamaa zake. Na kwa kuwa bromaidi ilikuwa imeenea kila duka la dawa kama dawa ya usingizi na maumivu ya kichwa, walikuwapo watu waliolazwa katika hospitali za wagonjwa wa akili ambao ugonjwa wao ulikuwa chupa iliyo mezani. Baya zaidi, wakiwa humo walipewa bromaidi nyingine ili watulie. Ni mwaka 1927 tu ndipo Otto Wuth alipoeleza njia nyepesi ya kupima bromaidi katika damu, na majibu yakawashangaza wengi. Chunusi zilikuwa zimekaa usoni mwa wagonjwa muda wote huo zikitoa ushahidi, na aliyekuwa akizitazama aliona ngozi chafu tu. Tiba yenyewe, subhanallah, ilikuwa kuiacha dawa na kumpa mgonjwa chumvi na maji, ili kloraidi iisukume bromaidi nje.

Dawa ya fenobabito, iliyotambuliwa kuwa inazuia kifafa mwaka 1912 na Alfred Hauptmann, ikachukua nafasi ya bromaidi polepole, na bado inatumika katika vituo vyetu vya afya. Marekani bromaidi iliondolewa katika dawa za kununua bila cheti mwaka 1975. Mtu angedhani habari imekwisha. Lakini mwezi Agosti 2025 madaktari wa huko huko Marekani walichapisha habari za mzee wa miaka 60 aliyetaka kuacha chumvi ya mezani kwa ajili ya afya yake. Aliuliza programu ya kompyuta yenye kujibu maswali, na baada ya mashauriano hayo akaagiza bromaidi ya sodiamu kwa intaneti, akaitia katika chakula kwa miezi mitatu. Akaletwa hospitali akidai jirani yake anamtilia sumu. Alipopata nafuu akaeleza kuwa chunusi mpya zilikuwa zimemtoka usoni. Wanafunzi wetu wanaopenda kuuliza simu kila kitu waisome habari hiyo mara mbili.

Iodini, ndugu yake bromini, ilifuata njia hiyo hiyo ya sifa kubwa kisha vipele, lakini tuiache tuingie karne ya 20, maana huko ndiko kwenye jambo lililo majumbani mwetu hivi sasa.

Mwezi Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hajiwezi kwa ugonjwa wa viungo, dawa mpya iliyotokana na kazi ya mkemia Edward Kendall. Siku chache baadaye mwanamke huyo alitembea. Dawa hiyo ilikuja kuitwa kotizoni, na mwaka 1950 Hench na Kendall pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa tuzo ya Nobel. Lakini hata tuzo haijakauka wino, madaktari walishaona kuwa wagonjwa wanaopewa dozi kubwa wananenepa uso kama mwezi, mifupa inadhoofika, na kifuani na mgongoni wanajaa vipele vya umbo moja. Steroidi, yaani dawa za jamii ya kotizoni, hudhoofisha kuta za kile kishimo cha unywele na kupunguza ulinzi wake, na vijidudu pamoja na chachu inayoishi humo hupata nafasi.

Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten wa New York walionyesha kuwa hidrokotizoni inaweza kupakwa juu ya ngozi kama mafuta na ikatuliza ukurutu. Ilikuwa rehema. Watoto waliokuwa wakijikuna usiku kucha walilala. Kisha wakemia wakatengeneza steroidi zenye nguvu zaidi na zaidi, kama betamethasoni, na klobetasoli ya miaka ya 1970 ambayo nguvu yake huhesabiwa kuwa mara mamia ya ile ya Sulzberger. Klobetasoli ni dawa nzuri katika mkono wa anayeijua, kwa sehemu ndogo na kwa siku chache.

Tatizo ni kwamba steroidi kali ina athari moja ambayo madaktari waliiandika kama madhara na wafanyabiashara wakaiona kama sifa: inafifisha rangi ya ngozi. Hapo ndipo mirija midogo ya krimu ilipotoka dukani kwa mfamasia ikaingia kwenye meza ya sokoni, Bujumbura, Uvira, Bukavu na kwingineko, pembeni ya sabuni na vitana. Wengine wanaichanganya na krimu nyingine zenye zebaki au haidrokwinoni, na huo ndio mkorogo.

Na angalieni mtego wake ulivyo. Binti ana chunusi tatu za kawaida. Anapaka. Kwa kuwa steroidi hutuliza uvimbe wa kila namna, chunusi zinanywea kwa siku mbili tatu, na uso unang'aa. Anafurahi, anaendelea. Baada ya wiki kadhaa vinatoka vipele vingi vidogo kuzunguka mdomo na mashavuni, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na wakati mwingine ndevu laini zinaota. Anaogopa, anaacha. Kwa kuacha, uso unawaka moto na vipele vinaongezeka maradufu. Basi anarudi kwenye mrija, vinatulia, na anaamini kwa moyo wake wote kuwa krimu ndiyo inayomponya na kuiacha ndiko kunakomdhuru. Hakuna mawaidha yangu yatakayomtoa hapo kama hakuna wa kumweleza jinsi mtego unavyofanya kazi. Ningelijua hilo miaka ile ningelisema maneno machache zaidi na yenye faida zaidi.

Serikali zimechukua hatua. Rwanda mwishoni mwa mwaka 2018 ilipita madukani ikikusanya krimu za kujichubua, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi. Lakini krimu za steroidi hazimo katika hesabu ya vipodozi, ni dawa, na huingia nyumbani kwa mlango mwingine. Mama ananunua ule mrija mdogo wenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya vijidudu na betamethasoni, kwa ajili ya vipele vya nepi vya mtoto. Ukibaki unatumiwa na kaka yake kwa chunusi, kisha na baba baada ya kunyoa ndevu. Na aliyetumia krimu kali sehemu kubwa ya mwili kwa miezi mingi asiiache kwa siku moja bila kumwona daktari, kwa sababu tezi za mwili zinazotengeneza kotizoni yake ya asili huenda zimelala, nazo zinahitaji muda wa kuamka.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: basi kila dawa inayoleta chunusi iachwe au ipunguzwe. Hapana, na hapa historia inageuka. Mwaka 1962 Mmarekani Stanley Cohen aliandika juu ya kitu alichokitoa katika tezi za mate za panya, ambacho kikidungwa kwa panya wachanga kiliwafanya wafumbue macho mapema kuliko kawaida. Kilikuwa ni chembe inayoamrisha ngozi kukua, na mwaka 1986 Cohen alishiriki tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Baadaye ikajulikana kuwa baadhi ya saratani hukua kwa kutumia vibaya amri hiyo hiyo, zikatengenezwa dawa za kuizuia, kama setuksimabu na erlotinibu zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2004. Kishimo cha unywele nacho kinategemea sana amri hiyo, na kwa hiyo wengi wa wagonjwa hutokwa na vipele usoni na kifuani wiki mbili za mwanzo. Uchunguzi ukaonyesha kuwa waliotokwa na vipele, kwa wastani, ndio waliofaidika zaidi na dawa. Siku hizi madaktari huwapa wengi wao dawa ya doksisaiklini mapema ili vipele visizidi, lakini dawa ya saratani inaendelea. Wapo wagonjwa wanaoingia kliniki na wasiwasi kwa kuwa nyuso zao ni safi.

Nimeiacha dawa ya kifua kikuu mwisho kwa makusudi. Isoniazidi ilitengenezwa mara ya kwanza Prague mwaka 1912 na watu wawili, Hans Meyer na Josef Mally, ambao hawakujua ni dawa ya nini. Ikakaa miaka 40 bila kazi. Mwaka 1951 na 1952 ikajaribiwa katika hospitali ya Sea View huko New York kwa wagonjwa ambao hawakuwa na tumaini, na picha za wagonjwa waliopata nguvu wakacheza katika kumbi za wodi zikazunguka dunia. Bei yake ilikuwa ndogo, na maskini angeweza kuipata. Lakini baadhi ya wagonjwa walitokwa na chunusi. Kwa nini baadhi tu? Sababu moja ni ini. Watu hutofautiana kwa kurithi: wako ambao ini lao huivunja isoniazidi haraka, na wako ambao huivunja polepole, hivyo dawa hukaa ndani yao kwa wingi. Mwaka 1960 Price Evans na wenzake walithibitisha urithi huo. Karibu nusu ya Wazungu ni wa polepole, Wajapani ni wachache, Wamisri ni wengi sana. Hao wa polepole ndio wanaopata zaidi madhara ya isoniazidi, na chunusi zikiwemo. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kumeza kidonge kimoja, mmoja akatoka vipele na mwingine asitoke, na hakuna mmoja wao aliyefanya lolote la kulaumiwa.

Chunusi hizi, zikiwa ni chunusi tu, hazimzuii mtu kuendelea. Zinaudhi, lakini kuacha dawa ya kifua kikuu katikati ndiko kunakovipa vimelea nafasi ya kuwa sugu.

Lakini vilikuwapo vipele vingine kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na Afrika Mashariki inavijua. Katika miaka ya 1960, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalionyesha kuwa thiasetazoni, dawa rahisi sana, ikiunganishwa na isoniazidi inafaa. Ikawa tegemeo la nchi zetu kwa miaka mingi. Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walitangaza kuwa wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi hivyo wanapata kwa thiasetazoni vipele vya hatari, ngozi inababuka kama ya aliyeungua, midomo na macho yanachubuka, na wengine wamefariki. Vipele hivyo havichagui kishimo cha unywele. Hutoka viganjani, mdomoni, popote. Hapo hakuna kusubiri kesho wala kuuliza jirani: dawa inasimama na mgonjwa anakimbizwa hospitali. Sasa mnaona kwa nini niliwaomba mkumbuke viganja na nyayo.

Turudi kwa Nanasi. Wiki ya pili ya kutokuwepo kwake mama yake alinijia baada ya swala ya alasiri, akasimama nje ya mlango.

"Ustadh, mwanangu hataki tena kuja chuoni. Anasema hata wewe umemcheka."

Nikamwambia sikumcheka, nilimwonya na mkorogo. Mama akanitazama kwa muda.

"Mkorogo upi, Ustadh? Mtoto ana kifua kikuu. Huu ni mwezi wa pili anameza dawa. Na sasa vidonge navyo amevificha chini ya godoro, anasema ndivyo vinavyomharibu uso."

Siku tisa alikuwa hajameza. Tulikwenda naye watatu kwenye kituo cha afya siku iliyofuata. Muuguzi, mama mtu mzima, alimvua shati, akamtazama mgongo, akamwambia afumbue mdomo, akamwangalia viganja, macho, akauliza vilianza lini na dawa ilianza lini. Kisha akamweleza polepole habari ya ini la haraka na ini la polepole, kwa maneno mepesi kuliko haya yangu, akampa kitu cha kupaka, akamwandikia tarehe ya kurudi. Dawa akairudia pale pale mbele yake.

Nilimwomba radhi darasani, mbele ya wale wale waliosikia mawaidha yangu. Vipele havikuondoka kwa sababu hiyo, vilikaa naye mpaka alipomaliza miezi yake ya dawa, na vikachukua wiki nyingine kadhaa kukauka. Mabaka yalibaki karibu mwaka mzima. Leo ni baba wa watoto wawili na kifua chake ni kizima alhamdulillah. Jina la Nanasi nililikataza chuoni, lakini yeye mwenyewe hakuliacha. Kila Idi simu ikilia nasikia: "Assalaam alaykum Ustadh, ni mimi Nanasi."